Jiwe la gramu 31 lililotoka Mwezini

Januari 18, 1982, msimu wa kazi ukielekea ukingoni, John Schutt na Ian Whillans, wa msafara wa Kimarekani wa kutafuta vimondo, walikuwa wakizunguka kwa pikipiki za theluji karibu na Allan Hills, Antaktika. Juu ya barafu wakaona kijiwe kidogo kuliko ndimu. Vimondo vingi vya mawe huwa na ganda jeusi, lililoungua wakati wa kupita angani. Ganda la hiki lilikuwa la kijani iliyochanganyika na hudhurungi, tena lenye povupovu. Wakakitia kwenye mfuko safi.

Barani Afrika, wanaokijua Kimondo cha Mbozi, kilichoko Tanzania, wamezoea bonge la chuma, ambalo halifichiki. Lakini vimondo vingi vinavyoanguka ni vya mawe, na jiwe hupotea miongoni mwa mawe mengine. Antaktika ni tofauti. Huko, vimondo hufukiwa na theluji, husafirishwa na barafu inayotambaa polepole, kisha hufichuliwa pale milima inapoizuia barafu hiyo na upepo kuila juu kwa juu. Wajapani ndio walioamsha wengine mwaka 1969, walipookota vimondo 9 karibu na Milima ya Yamato na kukuta ni vya aina mbalimbali. Wamarekani, wakiongozwa na William Cassidy, walianza misafara yao mwaka 1976.

Vimondo vya misafara hiyo husafirishwa vikiwa vimegandishwa hadi Houston, katika kituo cha NASA. Huko kijiwe chetu kiliitwa ALHA81005: herufi za mahali, mwaka ulioanza msimu, kisha namba yake. Kikamegwa kidogo, na kipande hicho kikasagwa hadi kikawa utando wa takriban milimita 0.03, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga chini ya hadubini.

Mtaalamu wa madini Brian Mason, wa Taasisi ya Smithsonian, ndiye aliyeuchunguza. Hakuona zile chembe za mviringo zinazopatikana katika vimondo vingi vya mawe. Aliona vipande vyeupe vyenye feldispa nyingi, vimegandamana ndani ya ujiuji mweusi. Akaandika kwamba baadhi yake vinafanana na miamba ya nyanda za juu za Mwezi.

Kufanana peke yake hakutoshi kumaliza shauri. Bahati nzuri, wanaanga wa Apollo walikuwa wamerudi na kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi, kwa hiyo kulikuwa na cha kulinganishia. Maabara kadhaa ziligawiwa vijipande. Nyingine zikapima uwiano wa manganisi na chuma, nyingine isotopu za oksijeni. Majibu yote yakaelekea upande mmoja, na katika mkutano wa Houston wa Machi 1983 wataalamu wakakubaliana: jiwe ni la Mwezi.

Uamuzi huo ulifungua shauri jingine. Kulikuwa na vimondo vichache vilivyodhaniwa kutoka Mars, na wapinzani walikuwa wakiuliza: kama Mars inaweza kurusha mawe yakatufikia, mbona ya Mwezi, ulio jirani, hayaonekani? Sasa swali hilo likakosa miguu. Mwaka huohuo, Donald Bogard na Pratt Johnson walitangaza kwamba gesi zilizonaswa ndani ya kimondo kingine cha Antaktika, EETA79001, zinalingana na hewa ya Mars iliyopimwa na vyombo vya Viking.

Baadaye ikabainika kwamba Wajapani nao walikuwa na jiwe la Mwezi ghalani, Yamato 791197, waliloliokota Novemba 1979, zaidi ya miaka miwili kabla ya lile la Allan Hills. Lakini lilikuwa halijatambuliwa. Ndiyo maana sifa ya kimondo cha kwanza kujulikana kimetoka Mwezini ikaenda kwa kijiwe cha gramu 31: aliyetangulia kuokota alitanguliwa na aliyewahi kuchunguza.