Manyoya ya Mshale na Mabawa ya Gari

Katika bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ambako migunga na mibuyu imetanda kuelekea pande za Ziwa Eyasi, Wahadzabe wangali wakiunda mishale kwa maarifa waliyorithi kwa wazee wao. Na yeyote atakaye kujua jinsi magari ya mashindano yenye kiti kimoja yalivyopata mabawa, afaa aanze kwa kuutazama mshale huo, kwani suala la kuitumia hewa kukiongoza kitu kiendacho mbio lilikwisha kushughulikiwa na mafundi wa nyika karne nyingi kabla ya injini kuundwa.

Fundi hukata kijiti, akakimenya gamba, akakipasha moto na kukinyoosha kwa meno, kisha akakielekeza jichoni apate kuona kama kombo imekwisha. Mishale ya kupigia ndege huwa na ncha ya mti mtupu, ilhali ya wanyama wakubwa hutiwa kigumba cha chuma, ambacho tangu zamani walikipata kwa jirani zao kwa kubadilishana nyama na asali, na baadaye hata misumari ikafuliwa bila moto. Nyuma hufungwa manyoya, aghalabu ya kanga au ya tumbusi, kwa kano za mnyama.

Kazi ya manyoya hayo ni ya hikima kubwa. Mshale uachanapo na upote hupindapinda, na mkia wake ukienda upande, hewa huyapiga manyoya kwa mshazari na kuurudisha katika njia yake, hali uzito wa kigumba ukiitangulia safari. Lakini utulivu huo una bei, kwa maana hewa ile ile iunyooshayo mshale ndiyo iupunguziayo mwendo: manyoya mapana huutuliza upesi na kuufupishia masafa, membamba huupa kasi na kuuacha ukiyumba. Fundi hana kitabu cha kumwamulia. Huamua kwa mkono na kwa jicho, na mawindo humhukumu.

Waunda magari wa Ulaya na Marekani walilifikia suala hili kwa kuchelewa. Mwaka 1956 Michael May, mhandisi kijana wa Uswisi, alitia bawa juu ya Porsche yake huko Nürburgring, akakatazwa kulitumia. Mwaka 1966 Jim Hall wa Texas alileta Chaparral 2E yenye bawa refu, na mwaka 1968 Ferrari na Brabham zikafika Spa zikiwa na mabawa. Yalikuwa mabawa ya ndege yaliyopinduliwa, hata kani imwinuayo rubani ikawa yalikandamiza gari chini, tairi zikashika barabara katika kona. Mwaka 1969 mabawa ya Lotus za Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika huko Barcelona, na mabawa marefu yakapigwa marufuku. Baadaye Colin Chapman, mwenye Lotus, akageukia tumbo la gari: hewa ibanwayo chini yake huenda mbio, shinikizo lake hupungua, na gari hufyonzwa ardhini. Kwa njia hiyo dereva wake Mario Andretti alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1978. Sheria ya mwaka 1983 ililazimisha matumbo bapa. Mwaka 2022 mbinu hiyo ikaruhusiwa tena.

Hata leo wahandisi hufunga mabawa makubwa Monaco, penye kona nyingi, na membamba Monza, penye njia nyoofu, wakiulipia utulivu kwa mwendo, sawasawa na fundi wa Yaeda. Mimi namhesabu fundi huyo miongoni mwa wahandisi, wala sisemi hivyo kwa kumsifu tu.

Ila ustadi wake wataka nyika yenye miti ya kukata na kanga wa kuwinda, na mashamba na mifugo vimekuwa vikiingia bondeni mwaka hata mwaka. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za kimila za ardhi yao. Na katika ardhi hiyo mvulana hupewa upinde wake wa kwanza angali mtoto mdogo.