Maneno matano yasiyo na jina

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Kama ndivyo, msikilizaji, basi mtu anayeandika barua bila kutaja anayemwandikia ni sawa na mgeni anayeanza kueleza shida zake mlangoni kabla hajajua ni nani aliyemfungulia. Leo nataka tuzungumzie maneno matano ya Kiingereza yaliyojaa katika mafaili ya ofisi zetu: "To Whom It May Concern". Kwa lugha yetu tunasema "Kwa yeyote anayehusika". Nayaona katika barua za utambulisho, katika vyeti vya kumsifu mfanyakazi anayeondoka, na siku hizi hata katika barua pepe za kuomba kazi. Wengi huyaandika kwa mazoea tu. Lakini maneno haya yana historia, na nusura yachangie kumng'oa madarakani rais wa Marekani.

Tuanzie mbali kidogo. Katika zama za kati, ofisi ya mfalme wa Uingereza ilikuwa na aina mbili kubwa za barua. Ya kwanza ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, ikapelekwa kwa mtu maalumu. Ya pili iliachwa wazi, muhuri ukining'inia chini yake, na ilianza kwa kuwasalimu wote ambao barua hiyo ingewafikia. Nakala za barua za wazi zilianza kutunzwa mwaka 1201, na za zile zilizofungwa mwaka 1204, enzi za Mfalme John. Karani wa mfalme hakuacha jina kwa uvivu. Aliyepewa ardhi au cheo alihitaji karatasi ya kumwonyesha kila mtu, leo na kesho, hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa. Jambo lenyewe liliwahusu wote. Fikra iliyomo katika maneno yetu matano ni hiyo hiyo.

Sasa twende Marekani, mwaka 1864. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga yakaunda serikali yao chini ya Jefferson Davis, na Rais Abraham Lincoln alikataa katakata kuitambua. Mwezi Julai, Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune, alimwandikia Lincoln kwamba wajumbe wa Kusini wako upande wa Kanada, karibu na maporomoko ya Niagara, nao wanataka mazungumzo ya amani. Akamsihi asiipoteze nafasi hiyo.

Hapo Lincoln alikuwa na mtihani. Akikaa kimya, wananchi waliochoka na vita watasema rais hataki amani. Akiwaandikia wale mabwana kwa majina na vyeo vyao, atakuwa ameikubali serikali iliyowatuma. Tarehe 18 Julai akaandika barua fupi, akaianza kwa maneno hayo matano: To Whom It May Concern. Hakutaja jina la mtu wala la serikali. Alisema kwamba pendekezo lolote litakalorudisha amani, litakalolinda umoja wa nchi na kuacha utumwa, likiletwa kwa idhini ya wenye mamlaka juu ya majeshi ya upande ule, litapokelewa na kufikiriwa, na atakayelileta atapita salama kwenda na kurudi. Katibu wake, John Hay, akaipeleka Niagara. Ikadhihirika kwamba wale wajumbe hawakuwa na mamlaka ya kujadili amani.

Angalieni ustadi wake. Mlango uliachwa wazi kwa mwenye mamlaka, awe nani, na papo hapo hakuna aliyepewa heshima asiyostahili. Kutotaja jina kulikuwa ndiyo hoja yenyewe.

Hata hivyo, barua ya wazi husomwa na wote, marafiki na mahasimu. Ilipochapishwa magazetini, wapinzani wa Lincoln walilidaka lile sharti la kuacha utumwa. Wakasema: kumbe vijana wetu wanakufa kwa ajili ya Weusi, si kwa ajili ya umoja wa nchi! Hali ikawa mbaya hata tarehe 23 Agosti Lincoln akaandika karatasi ya kukiri kwamba yaelekea hatachaguliwa tena, akawataka mawaziri wake waitie sahihi kwa nyuma bila kuisoma. Sharti lake hakulifuta. Mapema Septemba jeshi lake likauteka mji wa Atlanta, upepo ukageuka, na Novemba akashinda uchaguzi. Mwishoni mwa 1865 utumwa ulipigwa marufuku katika katiba ya Marekani. Lincoln hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alikuwa ameuawa mwezi Aprili. Ajabu ni kwamba muuaji wake, mwigizaji John Wilkes Booth, alikuwa ameacha barua ya kueleza sababu zake, na ndani yake aliandika maneno yale yale matano. Naye alidhani anausemesha ulimwengu mzima.

Na huku kwetu? Waswahili wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu walizoea barua yenye mwenyewe. Walianza na "Ila jenabu", yaani kwa mheshimiwa fulani, wakampamba kwa sifa na salamu ndipo waingie kwenye habari. Karatasi ya kumwonyesha yeyote tuliijua zaidi kwa sura ya kikoloni. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande ndani ya kijaluba cha bati shingoni. Mwajiri aliandika humo habari za kazi na mshahara, na asipotia sahihi ya kumwachia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine. Hiyo nayo ilikuwa barua kwa yeyote anayehusika. Mwenye kuhusika kuliko wote ndiye aliyeibeba, na mara nyingi hakuweza kuisoma.

Ndiyo maana nasema maneno haya si pambo. Yana mahali pake. Mkuu wa shule anayemwandikia kijana barua ya kumtambulisha, ambayo huenda ikasomwa benki, chuoni au ubalozini, anayatumia kwa haki. Lakini anayeomba kazi, na tangazo limeandika wazi kwamba barua zipelekwe kwa Meneja Utumishi, akiyatumia amemwambia meneja yule kwamba hakusoma tangazo. Amwandikie kwa jina kama analijua, au kwa cheo, kisha "Dear Sir or Madam".

Na tukiyaandika, tuyaandike sawasawa. Nimeona "To Who It May Concern", nimeona "To Whom It May Concerned". Ni "whom" kwa sababu ni yambwa ya kitenzi "concern": huyo ndiye anayefikiwa na jambo. Ni "concern" tupu, bila herufi ya ziada mwishoni, kwa sababu baada ya "may" kitenzi hakivalishwi kitu. Neno "it" ni lile jambo lililomo ndani ya barua. Wala usitangulize "Dear", maana huwezi kumwita mpenzi mtu usiyemjua ni nani.

Kabla hujayaandika tena, jiulize swali moja: je, kweli simjui atakayesoma, au nimeona taabu kuuliza? Kama humjui, au barua ni ya wote, yaandike bila wasiwasi. Kama ni taabu ya kuuliza, nyanyua simu uulize. Jina la mtu ni heshima yake, na huenda anayelisoma ndiye mwenye ufunguo wa ajira yako.

Hadi juma lijalo, kwaherini.