Umbo halina mwenyewe, jina lina mwenyewe



Maji yanapotoka pwani ya Uroa, kina mama wakashuka kwenye mwani wao, watoto nao hushuka na vyombo vyao. Mmoja ana karara la mnazi, amelisimamishia mlingoti wa kijiti na tanga la kitambaa kikuukuu. Mwengine amechonga ngalawa hasa, yenye mirengu yake, na akiiweka dimbwini inakwenda na upepo kama ile ya baba yake. Tangu nipate akili sijasikia mtoto akiulizwa: nani kakupa ruhusa ya kuiga ngalawa?

Swali hilo ndilo linalowakwamisha watu wazima kwengine duniani, tena katika mambo haya haya ya vitu vya kuchezea. Leo nataka tulitazame, maana mwisho wake unarudi hapa kwetu.

Wengi wenu mnayajua matofali madogo ya plastiki yanayoshikana, yaitwayo Lego. Kampuni hiyo ilianzia Billund, nchini Denmark, mwaka 1932, kwa seremala Ole Kirk Christiansen aliyekuwa akichonga vitu vya kuchezea vya mbao. Tofali la plastiki lilikuja mwaka 1949, na wazo halikuwa lake peke yake. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, alikwisha kutengeneza matofali ya namna hiyo kwa jina la Kiddicraft, na mfano wake ulifika Billund. Tarehe 28 Januari 1958 Wadenmark wakaomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa tofali walilolitengeneza upya likashika vizuri zaidi. Wakati huo Page alikwisha kufariki, mwaka 1957. Haki za Kiddicraft walizinunua mwaka 1981.

Lakini hataza ina umri wake. Ilipokwisha, wengine wakaanza kutengeneza matofali yanayofanana. Kampuni ikaenda mahakamani kutaka umbo lenyewe lihesabiwe kuwa alama yake ya biashara. Mahakama ya Juu ya Canada ilikataa mwaka 2005, na Mahakama ya Ulaya ikakataa tarehe 14 Septemba 2010. Hoja ilikuwa nyepesi kufahamika: umbo linalofanya kazi ya kushikanisha haliwezi kufungiwa na mtu mmoja milele.

Sasa tuje kwa mashabiki. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilianza huko Japani mpango wa kupokea mapendekezo ya watu wa kawaida. Mwaka 2011 mpango ukafunguliwa kwa dunia nzima, na tangu mwaka 2014 unaitwa Lego Ideas. Mtu anajenga kitu chake, anakionyesha, na akipata waungaji mkono 10,000 kamati ya kampuni inakaa kukitazama. Kikikubaliwa, aliyependekeza hupata asilimia 1 ya mauzo.

Watu wengi hujenga wanachokipenda, na wanachokipenda mara nyingi ni filamu, vipindi vya televisheni na michezo ya kompyuta. Vyote hivyo vina wenyewe. Hapo ndipo jahazi linapopanda mwamba.

Mchezo wa Minecraft ulipata kura zake mwezi Disemba 2011 kwa siku mbili hivi, wenyewe wakawa radhi, na mwaka 2012 boksi likawa dukani. Mchezo wa Zelda, mali ya Nintendo, haukuwa na bahati hiyo. Zaidi ya pendekezo moja lilivuka kura 10,000 na halikutengenezwa. Mwaka 2024 boksi la Zelda lilitoka, lakini kampuni ililitoa yenyewe kwa mapatano na Nintendo, nje ya mlango ule wa mapendekezo ya watu.

Kura za watu hazifungui mlango wa nyumba ya mtu mwengine. Lazima mwenye jina akubali, na apewe fungu lake. Pengine ruhusa amekwisha kumuuzia mtengenezaji mwengine. Pengine kuna sura za waigizaji, ambao nao wana haki zao. Wakati wote huo yule aliyejenga hana kiti kwenye mazungumzo, na mara nyingi haambiwi kwa nini amekataliwa.

Mimi silaumu kuulizwa kwa mwenye kazi. Aliyetunga aulizwe, na alipwe. Linalonisumbua ni kwamba mizani hii inamuona mwenye karatasi tu. Kesho shabiki akijenga ngalawa ya Uroa kwa matofali hayo, hapana ofisi itakayopokea barua ya kuomba ruhusa, kwa sababu ngalawa ni ya wote. Kwa hilo nafurahi, maana ndivyo watoto wetu wanavyojifunza. Lakini kitu cha wote kina hatari moja: anaweza kutokea mtu akajiandikisha jina lake.

Na wametokea. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake. Wakenya walisimama kulipinga ombi hilo, na mwaka 2008 likaachwa. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili Marekani maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 watu kwa maelfu walitia saini kulalamika. Disney ikajibu kwamba haimzuii mtu kuyasema. Sawa, lakini kusema na kuuza ni mambo mawili.

Si kwamba hatukulijua jambo hili. Kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak zina alama yake, "Mali ya Abdulla", na mnunuzi anaijua. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003, na sheria ya mali za viwandani ya mwaka 2008, inayogusa alama, maumbo, na hata majina ya bidhaa yatokanayo na mahali. Kilichobaki ni mafundi wetu, wachora kanga, wasusi wa mikeka na vyama vya wakulima wa mwani kwenda kuuliza: katika vitu vyetu, kipi tukiandikishe, na kipi tukiache wazi kwa wote?

Ngalawa ya mtoto iachwe wazi. Asiulizwe na mtu. Lakini siku jina la Uroa litakapowekwa juu ya boksi dukani, ningependa wa kuombwa ruhusa awe Uroa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.