Kwale: Utafutaji Uliodumu Kuliko Uchimbaji

Desemba 2024, uchimbaji wa titaniamu ulisimama Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Shehena ya kwanza ilikuwa imesafirishwa kutoka Likoni Februari 2014. Mgodi ulidumu takriban miaka kumi na mmoja. Safari ya kuutafuta na kuuanzisha ilikuwa ndefu zaidi.

Kampuni ya Kanada, Tiomin, ilianza kupima mchanga wa Maumba na Nguluku katikati ya miaka ya 1990. Huko kuna vilima vya mchanga mwekundu wa kale. Mito iliteremsha chembe za miamba ya bara hadi pwani, kisha upepo ukazirundika. Ndani ya mchanga huo mna ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini mazito kuliko mchanga wa kawaida.

Uzito huo ndio unaomsaidia mtafutaji. Mashimo hutobolewa kwa mistari, na sampuli huchukuliwa kila baada ya kina fulani. Udongo laini huoshwa, kisha mchanga hutiwa katika kimiminika kizito: ule wa kawaida huelea, madini huzama. Kilichozama hupimwa, na asilimia yake huonyesha kama kilima kinafaa kuchimbwa.

Halafu huja sumaku, ambayo huvuta ilmenaiti na kuacha rutaili na zirkoni. Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1791 kasisi William Gregor alichunguza mchanga mweusi wa kijito cha Manaccan, Cornwall, Uingereza, uliovutwa na sumaku, akabaini metali isiyojulikana. Mwaka 1795 Mjerumani Martin Klaproth aliikuta katika rutaili, akaiita titaniamu.

Kwale, sampuli nzuri hazikutosha. Wakulima walikwenda mahakamani kutetea ardhi na mazingira yao, na leseni ya uchimbaji ikatolewa 2004. Tiomin haikufika kuchimba. Mwaka 2010 kampuni ya Australia, Base, ilinunua mradi, ikajenga bwawa kwenye mto Mukurumudzi na gati Likoni. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2013, kwanza katika kilima cha kati, kisha cha kusini kuanzia 2019.

Kilima cha kaskazini pia kilitobolewa, lakini katika sehemu yake kubwa madini hayakuwa mengi ya kutosha kulipa gharama. Kwa hiyo kufungwa kwa mgodi hakukuwa ajali. Sampuli zinazoonyesha pa kuanzia huonyesha pia akiba itakapokwisha, na kaunti yoyote inayokaribisha watafutaji ingefaa kudai hesabu zote mbili mapema.