Santuri Adimu na Kiswahili Kilichoimbwa: Maelezo ya Kihistoria Kutoka Goma

Utangulizi

Wachunguzi wa historia ya lugha yetu wamezoea kutafuta ushahidi katika maandishi: tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, sarufi za wamisionari, magazeti ya enzi ya ukoloni na barua za makarani. Santuri hawajaitazama sana kwa jicho hilo. Hata hivyo, upande wa mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili kilisemwa na umati wa watu muda mrefu kabla wasemaji wenyewe hawajakiandika kwa wingi, santuri ni miongoni mwa hati za mwanzo ambamo mtu wa kawaida anasema kwa sauti yake mwenyewe, si kwa kalamu ya padri wala ya mwajiri wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi santuri hizo zilivyopata kuwa adimu, jinsi biashara ya santuri adimu inavyokwenda, na kwa nini biashara hiyo, ijapokuwa imeokoa mengi, yaweza pia kumpotezea mchunguzi kile hasa anachokihitaji. Hoja yetu ni moja. Uadimu si hesabu tu. Kila uadimu una sababu yake, na sababu hiyo ndiyo historia. Bei hupima idadi na usafi wa santuri, lakini haiulizi sababu.

Uadimu wa kitu kilichokataliwa

Ukusanyaji wa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, kama ujulikanavyo leo ulimwenguni, kwa sehemu kubwa ulipevukia Uingereza, katika miji ya viwanda ya kaskazini, kati ya miaka ya 1960 na 1970. Vijana wa huko, wengi wao wafanyakazi, waliupenda muziki wa Wamarekani weusi uitwao soul, uliotokana na nyimbo za kanisani na za blues. Hawakutaka soul yoyote. Walitaka ile ya mwendo wa haraka ya katikati ya miaka ya 1960, hasa ya Detroit, na zaidi ya yote santuri ambazo hazikupata soko hata huko zilikotoka. Ukumbi wa Twisted Wheel mjini Manchester, na baadaye Wigan Casino, uliofunguliwa mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1981, ndipo palipokuwa makao ya mapenzi hayo, ambayo yalipewa jina la Northern Soul.

Wafanyabiashara walivuka bahari kwenda Marekani wakanunua kwa jumla santuri zilizokuwa zimelala maghalani bila kuuzwa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wimbo wa Frank Wilson uliotengenezwa na kampuni ya Motown mwaka 1965. Mwimbaji alishika kazi ya utayarishaji wa muziki badala ya uimbaji, santuri haikutolewa sokoni, na nakala karibu zote ziliharibiwa. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000.

Katika biashara hiyo, basi, kilicho adimu ni kile kilichokataliwa na soko. Kimebaki safi kwa sababu hakuna aliyekipiga. Tena palizuka desturi ambayo mwanahistoria hana budi kuizingatia: mpiga santuri aliyegundua wimbo mpya alibandika karatasi juu ya lebo, akaupa wimbo jina la uongo na mwimbaji jina la uongo, ili wapinzani wake wasiweze kuutafuta. Siri ikawa sehemu ya mali.

Uadimu wa kitu kilichopendwa

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, na muda si mrefu zikafuata Opika na Loningisa. Santuri zao zilikuwa za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na vumbi la mawe; zilikuwa nzito, nazo zikianguka hupasuka kama sahani ya udongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka katika Kongo ya Wabelgiji akirekodi muziki, alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, huko Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Nyimbo zake zilitolewa na lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini, zikasambaa kutoka Katanga hadi Nairobi. Edouard Masengo, naye wa Katanga, aliifuata njia hiyo hiyo ya mashariki akafanya kazi Kenya.

Santuri hizo hazikulala ghalani. Zilipigwa kwenye baa, harusini na nyumbani, kwa gramafoni za kuzungushwa kwa mkono ambazo sindano yake ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Sindano ni gharama, na palipokosekana mpya ile ya zamani iliendelea kuchimba mifereji mpaka sauti ikamezwa na mikwaruzo. Santuri iliazimwa, ikauzwa, ikarithiwa, ikavunjika. Nakala zake zikawa chache kwa sababu kila mtu aliitaka.

Hapo ndipo mizani ya wakusanyaji inapokosea inapoletwa kwetu. Katika daraja zao, santuri iliyokwaruzika hushuka thamani hata ikakaribia kuwa takataka. Kwa mchunguzi wa jamii, mikwaruzo hiyo ni ushahidi kwamba wimbo ulisikilizwa, na jina la mwenye santuri lililoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya lebo ni habari, si doa.

Siasa nayo ilitia mkono. Zaire ilipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa wenyeji, maduka mengi ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yalibadili mikono, na mengine yakafilisika. Hatimaye ilikuja kaseti, ambayo mtu yeyote aliweza kuinakili nyumbani. Kaseti iliyaeneza maneno ya nyimbo kuliko santuri, lakini mara nyingi ilisafiri bila jina la mtunzi, bila namba na bila mwaka.

Soul katika nchi zetu

Yafaa kutaja kwamba soul yenyewe ilifika kwetu, na safari yake inaonyesha jinsi sera zinavyozalisha uadimu. Mwaka 1969 wakuu wa serikali mjini Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul kwa kuuona kuwa ni tishio kwa utamaduni wa taifa. Mwaka 1974, nchini Zaire, ambako serikali ilikuwa ikihubiri uasilia, James Brown, B.B. King na Bill Withers walialikwa kutumbuiza Kinshasa mwezi Septemba katika tamasha kubwa lililoambatanishwa na pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Sauti ile ile ilihesabiwa huku kuwa ni ya kigeni, na kule kuwa ni ya ndugu aliyerudi nyumbani.

Kenya ilizaa waimbaji wake wa soul. Slim Ali wa Mombasa na kundi lake la Hodi Boys waliimba soul kwa Kiingereza katika miaka ya 1970. Kundi la Matata lilikwenda London likarekodi huko kwa lebo ya President. Santuri za namna hiyo ndizo mkusanyaji wa ng'ambo huzitambua kwa urahisi, kwa kuwa zinafanana na alichokijua kwao. Kumlaumu kwa hilo ni bure. Lakini tukiacha uchaguzi wote mikononi mwa masikio yake, kumbukumbu itakayosalia ya miaka hiyo itakuwa ile iliyoimbwa kwa Kiingereza, na majina ya Kiswahili kama Hodi na Matata yatabaki kuwa pambo la lebo.

Sauti ikiwa ushahidi wa lugha

Je, mwanaisimu anapata nini katika santuri ambacho hakipati katika kitabu? Tuchukue mfano mdogo. Katika Kiswahili cha Katanga na Kivu husikika mutoto na batoto mahali pa mtoto na watoto wa pwani, na katoto na tutoto mahali pa kitoto na vitoto. Mwandishi wa zamani aliyesoma shuleni huenda akazisahihisha sura hizo kabla wino haujakauka. Mwimbaji hawezi. Irabu ya kiambishi mu- ikiwekwa juu ya noti husikika waziwazi, na hakuna mhariri wa kuifuta.

Umuhimu wa sauti umedhihirika pia katika maandishi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kwa tahajia isiyofuata kanuni yoyote ya shule. Johannes Fabian alipoichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990, ilibidi matini ile isomwe kwanza kwa sauti na mzawa wa lugha ndipo mipaka ya maneno ibainike. Santuri ya Mwenda au ya Masengo inatupa sauti hiyo tangu mwanzo.

Lebo nayo ina kazi yake. Lebo nyingi za Afrika Mashariki zilichapwa si jina la wimbo na la mwimbaji tu, bali pia jina la lugha: Kiswahili, Kijaluo, Kikikuyu na kadhalika. Huo ni ushahidi wa jinsi mfanyabiashara alivyoigawa hadhira yake. Katika nafasi tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo huchorwa namba za kiwandani, na kwa kulinganisha namba hizo mchunguzi aweza kukisia mfuatano wa kurekodiwa hata pale mwaka usipotajwa. Sharti lebo isomwe kwa tahadhari: wimbo wa Malaika uliosambazwa na Fadhili William umedaiwa na mtunzi zaidi ya mmoja, na jina lililochapwa halitoshi kuumaliza mgogoro. Lakini ushahidi unaohitaji tahadhari ni bora kuliko ushahidi uliobandikwa karatasi.

Hali ya Goma

Goma iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa kwa mstari ulionyooka, na chini ya kilomita 900 kutoka Nairobi. Lingala iliingia kwetu kwa njia ya jeshi na ya muziki. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya nyumba nyingi. Mji wa namna hii, uliokaa mpakani na Gisenyi, ni mahali ambapo nyimbo za pande zote mbili zilipaswa kukutana, na ndipo mtu angetazamia kupata mikusanyo ya santuri iliyo mchanganyiko kuliko ya miji mikuu.

Lakini ni mji ambao vitu havidumu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji na kuzika nyumba na maduka. Santuri ya plastiki hupinda kwa joto dogo kuliko la maji yanayochemka. Haihitaji kuguswa na volkano ili iharibike. Mwaka 2021 moto ulifika tena kwenye kingo za mji. Tuongeze wakimbizi wa mwaka 1994, vita vya mwaka 1996 na 1998, na mapigano ya Januari 2025 ambayo kwayo kundi la M23 liliutwaa mji. Anayekimbia huchukua watoto, godoro na sufuria. Hachukui sanduku la santuri. Huu basi ni uadimu wa tatu, usiotokana na kukataliwa wala kupendwa, bali na kukimbia.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kumbeza mnunuzi anayezitoa santuri hapa. Nyimbo za zamani za Afrika Mashariki zilizotolewa upya na Honest Jon's ya London mwaka 2010 zilipatikana katika hazina ya kampuni ya EMI huko Uingereza. Hazina ya Hugh Tracey imetunzwa Grahamstown, mji ambao sasa huitwa Makhanda. Tervuren, Ubelgiji, nako kuna rekodi nyingi za Kongo. Pasipo hifadhi hizo tungekuwa na kidogo zaidi ya tulicho nacho. Tofauti ni kwamba hazina ina daftari, na mfanyabiashara mara nyingi hana. Santuri ikitoka Goma leo kwa dola chache na kuuzwa kesho ng'ambo, sauti huenda ikaokoka. Kinachopotea ni jina la aliyekuwa nayo, mahali ilipopigwa, na jinsi wasikilizaji walivyoyaelewa maneno yake.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo manne kwa wanafunzi na kwa yeyote anayekutana na santuri katika familia au sokoni. Kwanza, lebo inakiliwe yote, pamoja na namba za kiwandani na maandishi ya mkono. Pili, pande zote mbili zisikilizwe, kwa maana upande ambao mnunuzi huudharau waweza kuwa katika lugha nyingine. Tatu, maneno yaandikwe kama yanavyosikika, bila kuyasafisha yafanane na ya vitabuni. Nne, aliyeitunza santuri aulizwe aliipataje na iliimbwa wapi, na kabla haijaondoka apewe nakala ya sauti.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Simu ya mkononi yaweza kupiga picha lebo na kurekodi masimulizi. Zinahitaji haraka, kwa kuwa waliozinunua santuri hizo zikiwa mpya wamekuwa wazee, na habari walizo nazo hazimo katika mifereji ya santuri yoyote.