Uso wa Bibi na Shati Jeupe: Filamu ya Slaidi Ilipopanda Rungwe

Hebu fikiria uko Tukuyu mwaka 1986. Mji mzima gumzo ni moja: Tukuyu Stars wametwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Shabiki mmoja kavaa shati lake jeupe la sikukuu, anataka picha ya rangi akiwa na bibi yake. Unaweka mkanda gani kwenye kamera?

Ukiweka mkanda wa negativu, ukikosea kidogo fundi atarekebisha wakati wa kuchapa. Slaidi haina huruma hiyo. Kipande kilekile kilichopigwa mwanga ndicho utakachokitazama ukutani kupitia projekta. Ukikosea, basi tena.

Tuanze nyuma kidogo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938. Katikati ya kazi yao, mwaka 1935, Kodak ilitoa Kodachrome kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata ikaja ya kamera za picha za kawaida. Rangi zake zilikuwa za ajabu, ila filamu yenyewe ilikuwa nzito mno kushika mwanga. Isitoshe, rangi hazikuwamo ndani ya filamu: ziliingizwa maabara wakati wa kusafisha, kwa hatua nyingi ambazo studio ya mtaani isingeziweza.

Sasa turudi kwa yule shabiki. Shati jeupe linaweza kurudisha mwanga mara nane hivi kuliko ngozi nyeusi sana. Wapiga picha huhesabu kwa hatua, na kila hatua ni mwanga mara mbili; mara nane ni hatua tatu. Ongeza kivuli cha jua la saa sita chini ya nyusi, hatua mbili au tatu nyingine. Slaidi hubeba kama hatua tano tu. Yaani ukiufuata uso, shati linaungua. Ukilifuata shati, bibi anabaki macho na meno.

Je, hiyo ni fizikia tu? Hapana. Nani alifikiriwa wakati filamu inatengenezwa? Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala yake ya 2009, alieleza jinsi maabara za kuchapa picha zilivyopima rangi kwa kadi za mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley. Kadi hizo zilikuwa za picha za kuchapwa, si za slaidi, lakini zinaonyesha ngozi ipi ilihesabiwa kuwa ya kawaida. Na kumbe msukumo mmoja wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watangazaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri! Jirani zetu Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwongozaji Jean-Luc Godard alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi.

Kwa hiyo uchague nini? Kodachrome 64 ilitunza rangi miaka mingi ikikaa gizani, lakini chini ya migomba ingekulazimisha kumwomba bibi asitikisike. Ektachrome ilikuwa na aina za kasi zaidi na ilisafishwa kirahisi zaidi, ingawa zile za zamani zilififia mapema. Zote mbili zinaogopa unyevu, na Rungwe mvua si mgeni: kuvu hula jelatini ya filamu.

Ila Rungwe ina zawadi yake: ukungu. Wingu hulainisha vivuli, zile hatua mbili au tatu za jua kali zinapungua, na uso na shati vinaweza kuingia pamoja kwenye slaidi moja. Angalia mambo mawili tu. Mwanga wa wingu una ubluu, hivyo weka kichujio cha kuongeza joto la rangi. Na usimsimamishe mtu katikati ya majani ya migomba, ukijani utampanda usoni.

Kodachrome ilikoma kutengenezwa 2009. Ektachrome ilirudi sokoni 2018. Lakini huna haja ya kuinunua ili ujifunze. Toa simu, mpige bibi saa sita juani, kisha asubuhi ya mawingu. Halafu mwonyeshe zote mbili, umuulize ipi ni yeye.