Nakili, bandika, na mayai 30 ya Manyoni

Najua nimepotea, field ilinibana kwelikweli. Nimerudi chuoni juzi kutoka Manyoni, Singida, na leo badala ya stori za boom nawaletea historia kidogo, maana ndiyo somo langu la kufundishia. Ni historia ya kunakili na kubandika kwenye kompyuta. Msicheke, imenigharimu.

Iko hivi. Vijana wa klabu ya sayansi walitengeneza sanduku la kutotolesha vifaranga, lenye taa ya kutunza joto la nyuzi 37.5. Mayai 30 walichangishana kutoka majumbani. Siku tano walipeana zamu ya kuwasha na kuzima taa kwa mkono, hata usiku. Nikawaonea huruma. Nikamwomba rafiki yangu wa Dodoma maelekezo ya kompyuta ya kuendesha ile taa, aliyoyatengeneza kwa programu ya kuchora, yaani unaunganisha visanduku kwa mistari. Akanitumia kwenye ujumbe wa simu. Nikanakili, nikabandika. Ikagoma!

Sasa mchoro unagomaje? Hapo ndipo historia inapoingia.

Miaka ya 1970 huko Xerox PARC, California, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza programu iitwayo Gypsy kwa ajili ya wahariri wa vitabu. Wahariri walizoea kukata karatasi kwa mkasi na kubandika kwa gundi, wao wakauhamishia mtindo huo kwenye kioo. Lakini walichokuwa wanahamisha ni maandishi. Mwaka 2013 Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wa IBM wakatoa Node-RED, programu ya kuchora maelekezo kwa visanduku na mistari. Mchoro ule ni sura tu, chini yake kuna maandishi ya mtindo wa JSON. Kwa hiyo ukimtumia mwenzio mchoro, kumbe unamtumia maandishi.

Na JSON inataka alama za kunukuu zilizonyooka tu. Alama hizo ni urithi wa taipureta: watengenezaji walibana vitufe, alama moja ikafungua na kufunga. Mpangilio wa herufi wa ASCII wa mwaka 1963 ukairithi. Siku hizi programu nyingi za kuandikia zinajifanya kutusaidia, zinazipinda alama ili zipendeze. Kwa barua ni sawa. Kwa maelekezo ya kompyuta ni sumu.

Basi nikazinyoosha moja moja mpaka saa nne usiku. Nikabandika tena, mchoro ukaja wote, umefanana na wa rafiki yangu kila mstari. Nikawaambia vijana, leo laleni, kompyuta italinda.

Asubuhi sanduku lilikuwa la baridi, na mnaijua baridi ya Manyoni mwezi wa saba. Kumbe programu za namna hii haziambatanishi maneno ya siri unapotoa nakala, kwa makusudi, ili yasisambae. Mchoro ulifika, ufunguo ulibaki Dodoma. Kipima joto hakikuweza kuingia kwenye seva, na bila vipimo taa haikuwaka. Kidoa chekundu kilikuwepo kwenye kioo kinanitazama, mimi nikaangalia mistari tu.

Binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, jana uliiona ikiwaka?"

Sikuwa na jibu. Siku ya 21 walitoka vifaranga 4.

Kwa hiyo wadau, ukitaka kugawa mchoro wako tuma faili lenyewe, usipitishe kwenye ujumbe. Andika pembeni vitu visivyosafiri nao. Na wewe unayepokea, usilale kabla hujaiona taa ikiwaka na kuzima.

Vijana wamerudia tena kwa mayai mengine, safari hii zamu za usiku wameziacha palepale. Mimi narudi kwenye ripoti ya field. Tupo pamoja!